Kuunda gari la rimoti la mbio za mawe: anza na usukani, mota iwe ya mwisho

Muulize anayeanza mchezo huu ataongeza nini kwanza kwenye gari lake, na mara nyingi atakujibu: mota. Mimi mota naiweka mwisho kabisa, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Gari la mbio za mawe lina kazi mbili zinazogombana: kukimbia kwenye vumbi, halafu papo hapo kupanda jiwe lenye kimo kuzidi tairi lake. Mchezo wenyewe umeigwa kutoka mbio za magari halisi, hasa King of the Hammers zinazofanyika Johnson Valley, California, tangu 2007. Mfano wangu hapa ni Axial RR10 Bomber ya kipimo cha 1/10, iliyoigwa kutoka gari la Randy Slawson, mshindi wa mbio hizo mwaka 2013 na 2015. Mwenye Axial Yeti au Losi Rock Rey naye atafaidika, ila ajue kwamba magari hayo mbele yana mikono huru, yaani kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake. Bomber ina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili.

Kabla ya skrubu ya kwanza

Ukipata seti ya kuunda mwenyewe, chukua hiyo. Utalijua gari lako, na likivunjika huku porini utajua pa kushika. Tafuta bisibisi nzuri za pembe sita za milimita 1.5, 2.0 na 2.5, za bei rahisi hula vichwa vya skrubu, na skrubu iliyolika kichwa ndani ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ni msiba. Ongeza spana ya milimita 7 kwa nati za magurudumu, grisi, na gundi ya skrubu ya bluu.

Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma tu. Ikigusa plastiki huifanya iwe kavu na ipasuke.

Hatua ya 1: difu na ekseli

Hapa usiwe na haraka. Fungua kila ekseli, hata kama gari lilikuja limeshaundwa, maana kiwandani grisi huwekwa kwa ubahili. Paka meno ya gia kubwa na ndogo, kisha zungusha kwa vidole. Ukisikia mchezo mkubwa (kulegea) kati ya meno, ongeza pete nyembamba (washa) nyuma ya beringi mpaka mchezo upungue, lakini gia ziendelee kuzunguka bila kukwama. Gia yenye mchezo ndiyo inayokatika meno siku tairi moja likinasa katikati ya mawe huku umebana kitufe cha mwendo.

Difu za Bomber zimefungwa: magurudumu ya kushoto na kulia huzunguka sawasawa. Ni raha kwenye mawe, ila kona hulipiwa, kwa sababu gari linataka kwenda moja kwa moja. Dawa mojawapo ni kubadili gia za ekseli ya mbele. Za kawaida ni meno 38 kwa 13. Ukiweka 36 kwa 14, magurudumu ya mbele yatazunguka kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 14, yatavuta pua ya gari kuingia kwenye kona, na yatasaidia pia kwenye mwinuko. Kama njia zako nyingi ni saruji au lami, acha. Tairi lisiloweza kuteleza litahamishia mvutano huo kwenye gia na shafti.

Hatua ya 2: servo

Hili ndilo badiliko la kwanza la kulipia pesa. Matairi ya inchi 2.2 pamoja na difu iliyofungwa ni mzigo mzito, na servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) dhaifu itakuacha umekunja usukani huku magurudumu yakitazama mbele. Tafuta yenye gia za chuma na nguvu ya kilo 20 kwa sentimita au zaidi, isiyoingiza maji.

Angalia umeme wake pia. Servo kubwa inavuta ampea nyingi, na kidhibiti mwendo kikishindwa kuilisha, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) huzimika na gari hupoteza fahamu katikati ya jiwe. Ikitokea hivyo, funga kifaa tofauti cha kuilisha servo moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukikiweka kwenye volti ambazo servo imeandikiwa.

Wakati wa kufunga: washa rimoti kwanza, hakikisha trimu (kirekebishi cha katikati ya usukani) ipo sifuri, servo ijipange katikati yenyewe, ndipo uvae mkono wake. Halafu punguza mwisho wa mzunguko kwenye rimoti mpaka servo iache kulia inapofika ukingoni. Servo inayolia inajiunguza.

Hatua ya 3: shokapu

Vuta fimbo chini kabisa, jaza oili hadi karibu na mdomo, kisha pandisha na kushusha fimbo polepole mpaka viputo viishe. Iache isimame kidogo. Funga kifuniko huku fimbo ikiwa imesukumwa juu kiasi, oili ya ziada imwagike. Fanya zote nne, halafu zilinganishe mkononi: inayorudi haraka kuliko wenzake bado ina hewa.

Mimi huanza na oili ya 30 (namba ikipanda, oili ni nzito zaidi). Gari likigonga tumbo kila linapotua, panda hadi 35 au 40. Gari likiwa na betri ndani, liache lilale kiasi cha theluthi moja ya safari ya shokapu, ili tairi liweze kushuka kwenye shimo bila kupoteza ardhi. Watu hukaza springi gari lisimame juu lipendeze. Likiingia kwenye mawe linapinduka.

Hatua ya 4: mota na betri

Sasa ndiyo. Mota isiyo na brashi ya 3150Kv (mizunguko 3,150 kwa dakika kwa kila volti) kwenye betri ya seli mbili, volti 7.4, huzunguka karibu mara 23,300 kwa dakika bila mzigo. Seli tatu, volti 11.1, inakaribia 35,000. Ukipanda kwenda seli tatu, punguza meno ya pinioni (gia ndogo ya kwenye mota), la sivyo mota itachemka.

Kaza skrubu ya pinioni kwenye sehemu bapa ya shafti, kwa gundi. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota, kaza, kisha uzungushe gia ili karatasi itoke. Itoke imekunjwa meno, isiwe imechanika.

Endesha dakika chache, simama, pima joto la mota. Ikizidi nyuzi 75 za selsiasi, punguza jino moja la pinioni, kisha pima tena. Kidhibiti mwendo kikate umeme seli ikifika takriban volti 3.3. Ukiagiza betri hizi za LiPo (lithiamu polima) kutoka nje, uliza kwanza namna zitakavyosafirishwa, kwa sababu masharti ya ndege juu yake ni makali.

Baada ya mzunguko wa kwanza, kaza tena nati za magurudumu na skrubu za linki (fimbo zinazoshikilia ekseli). Karibu kila mara moja itakuwa imelegea. Gari likikaa wiki bila kutumika, iache betri kwenye volti 3.8 kwa seli, wala si ikiwa imejaa.