Mipira ya Injini na Throto Bodi: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Zamani Ughaibuni

Gari ninalolitumia kama mfano katika mwongozo huu ni Toyota Corolla ya mwaka 2001, ile iliyouzwa Marekani ikiwa na injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, na mahali penyewe ni Minneapolis, mji wenye Waafrika Mashariki wengi, ambako alfajiri ya Januari baridi inaweza kufika nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Gari la namna hii ndilo wengi wetu huanza nalo maisha ya ugenini, kwa kuwa bei yake inafikika, vipuri vyake vinapatikana kila duka, na injini yake hudumu ikitunzwa. Mpira, hata hivyo, haudumu kama chuma. Gari lililotimiza miaka 20 na zaidi likiwa bado na mipira yake ya kwanza, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha maji na hewa kwenye injini, linakwenda kwa bahati, na mwenye kuliendesha usiku katika barabara kuu yenye theluji hana budi kulitambua hilo kabla mpira wa rejeta haujapasuka.

Kazi mbili ninazozieleza, yaani kubadilisha mipira na kusafisha throto bodi (lango la kuingizia hewa kwenye injini, linalofunguka ukikanyaga mafuta), watu wengi huzifanya kwa nyakati tofauti. Mimi nashauri zifanywe siku moja, na mipira itangulie. Nilijifunza hivyo kwa gari langu mwenyewe. Lilikuwa likitetemeka kwenye taa nyekundu na mara nyingine likizima, nikaondoa masizi yote kwenye throto bodi nikitarajia litulie. Badala yake sailensi, yaani mwendo wa injini wakati hujakanyaga mafuta, ikapanda na kushuka yenyewe, kutoka mizunguko 600 hadi 1,500 kwa dakika, na siku mbili baadaye taa ya injini ikawaka. Kumbe mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) nyuma ya injini ulikuwa umepasuka siku nyingi, ukiingiza hewa ya ziada, na masizi yalikuwa yakizuia hewa upande wa pili, hivyo kasoro moja ilikuwa ikiifidia nyingine. Nilipoondoa uchafu, hewa ya mpira uliopasuka ikabaki bila cha kuipunguza. Fundi anayesafisha throto bodi kabla ya kukagua mipira anaweza kudhani kwamba ameharibu sensa, yaani kifaa cha kupimia cha umeme, akaanza kununua vifaa ambavyo gari halivihitaji.

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwamba nyumbani tumezoea kulitaja gari kwa namba ya chasisi na namba ya injini, lakini muuzaji wa vipuri Marekani atakuuliza mwaka, aina ya gari na ukubwa wa injini, au atataka namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, ambayo huonekana kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Corolla ya Marekani ya mwaka 2001 na ile tunayoiita Corolla 110 kule Dar es Salaam au Mombasa zinafanana kwa sura tu, maana ile ya nyumbani kwa kawaida ina injini ya jamii ya A au E, na mipira yake ya rejeta imepinda kwa namna nyingine. Anayetaka kumtumia ndugu mipira kwenye mzigo wa kwenda nyumbani aombe kwanza picha ya mpira wenyewe pamoja na namba ya chasisi. Jambo jingine ni vipimo. Mipira myembamba inayouzwa kwa kukatwa hupimwa Marekani kwa sehemu za inchi, wakati gari limeundwa kwa milimita. Mpira wa inchi 5/32 unatosha mahali pa milimita 4, na wa inchi 5/16 unatosha mahali pa milimita 8. Chukua kipande cha mpira wa zamani uende nacho dukani.

Mipira iliyopo chini ya boneti ni ya makundi mawili yenye tabia tofauti. Kundi la kwanza ni mipira ya kulenti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini: mkubwa wa juu na wa chini wa rejeta, miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na ile midogo inayopeleka kulenti kwenye throto bodi yenyewe. Kundi la pili ni mipira ya hewa na vakyumu: bomba pana lenye mikunjo linalotoka kwenye ea klina (chujio la hewa), mpira wa kupitishia mvuke wa mafuta ya injini, mpira mnene wa servo ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), na mingine myembamba. Mpira wa kulenti huharibika zaidi kutoka ndani, karibu na klipu, kwa hiyo ngozi yake ya nje inaweza kung'aa huku ndani ina nyufa za urefu. Ukague injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuuminya kwa vidole karibu na ncha zake, kisha katikati. Ukihisi ncha ni laini kuliko katikati, au ukasikia mchakacho kama wa kitu kinachochanika ndani, huo umekwisha. Ukikuta sehemu imevimba na kunata, tafuta pia injini inavujisha mafuta wapi, kwa sababu mafuta hulainisha mpira wa kulenti, na mpira mpya utakufa vilevile kama uvujaji hautazibwa.

Mipira ya mafuta ya petroli sijaiweka katika orodha hii kwa makusudi. Mfumo wa mafuta wa injini hii hufanya kazi kwa presha ya takribani bar 3, na kosa dogo linaweza kuunguza gari pamoja na mtu. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vifaa. Wala usiutumie mpira wowote wa kukata mahali pa mpira wa servo ya breki. Nunua wake hasa, wenye vali ya kuruhusu hewa upande mmoja.

Suala la mahali pa kufanyia kazi si dogo. Mikataba mingi ya nyumba za kupanga hukataza kutengeneza magari kwenye maegesho, na kulenti ikimwagika hapo unaweza kutozwa faini. Tafuta gereji ya rafiki au ua wa nyumba wenye sakafu ya saruji. Kulenti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu, na mtoto au mbwa anaweza kuilamba, basi ikinge kwenye beseni pana, itie kwenye madumu yenye kifuniko na alama, kisha uipeleke kwenye kituo cha kaunti kinachopokea taka za sumu za majumbani. Usiimwage kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Watu wameungua uso na mikono kwa haraka hiyo. Injini ikipoa, fungua kifuniko, legeza kizibo cha plastiki kilicho chini ya rejeta kwa mkono bila kukilazimisha, uache kulenti ishuke. Mpira uliokaa miaka mingi hung'ang'ania shingo ya rejeta, na shingo hiyo ni ya plastiki iliyokauka kwa joto. Ukiuvuta kwa nguvu au kuuchokonoa kwa bisibisi, shingo inaweza kuvunjika, na kazi ya mipira ikageuka kuwa kazi ya rejeta mpya. Uchane mpira wa zamani kwa urefu kwa wembe, taratibu, bila kuikwaruza plastiki, kisha uubandue kama ganda. Futa shingo iwe safi. Mpira mpya ulowanishe kwa kulenti ili uteleze, kamwe si kwa grisi wala mafuta, uuingize hadi mwisho, na klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa shingo.

Kuhusu klipu nina msimamo. Fundi wengi hutupa klipu za springi za Toyota na kuweka za kukaza kwa skrubu, wakiamini kwamba kilichokazwa kwa bisibisi ndicho imara. Katika nchi ya joto jambo hilo halina madhara makubwa. Minneapolis, Toronto au Oslo lina madhara, kwa kuwa mpira na shingo husinyaa katika baridi kali, na klipu ya skrubu hubaki palepale ilipokazwa, ndipo asubuhi unakuta matone chini ya gari ambayo hukoma injini ikipata moto. Klipu ya springi huufuata mpira unaposinyaa na unapotanuka. Kama ya zamani bado ina nguvu na haijaliwa na kutu, irudishe. Kama imelegea, nunua nyingine ya aina hiyohiyo.

Sasa, kabla ya kujaza kulenti, ingia kwenye throto bodi, maana ile mipira midogo ya kulenti inayoifikia tayari haina maji na unaweza kuitoa bila kumwaga kitu. Chomoa waya hasi wa betri. Toa bomba pana la hewa na ulikunjue kwenye mwanga, kwani nyufa hujificha ndani ya mikunjo, na kwenye gari hili hewa inayoingilia hapo haijapimwa na sensa, jambo linaloweza kuwasha taa ya injini kwa namba ya hitilafu P0171, yenye maana kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kisha toa throto bodi au, kama uchafu si mwingi, isafishe ikiwa mahali pake. Gari hili lina waya wa kawaida kutoka kwenye pedeli, hivyo unaweza kukifungua kwa mkono kile kisahani kinachofunga njia ya hewa ndani yake na kufuta kingo zake pamoja na ukuta wa ndani kwa kitambaa na brashi laini. Tumia dawa ya throto bodi. Dawa ya kusafishia breki au kabureta inaweza kuondoa utando uliopakwa kiwandani. Msasa usiukaribishe kabisa. Skrubu ndogo inayozuia kisahani kisifunge kabisa imepimwa kiwandani, na anayeizungusha ili kupandisha sailensi anaficha ugonjwa.

Magari yenye throto ya umeme, ambayo hayana waya kutoka kwenye pedeli, yana sharti lake. Usikisukume kisahani kwa kidole wakati swichi ya gari imewashwa, maana kinaweza kujifunga kwa nguvu, na baada ya kusafisha kompyuta inaweza kuhitaji kufundishwa upya sailensi yake kwa utaratibu wa kitabu cha gari.

Chini ya throto bodi ya Corolla hii ndipo ilipo vali ya sailensi, inayopitisha hewa kidogo wakati hujakanyaga mafuta, na mara nyingi masizi yaliyomo humo ndiyo hasa yanayozimisha gari. Skrubu zake ni laini na zimekaza. Vichwa vyake ni vya kiwango cha Kijapani, vinavyotofautiana kidogo na bisibisi ya nyota ya kawaida, na ndiyo sababu huliwa upesi. Bisibisi ya Kijapani inauzwa kwa bei ndogo na itakuokolea saa nzima. Badilisha gasketi, safisha vali kwa kitambaa kilicholowa dawa, na usiimiminie dawa sehemu ya umeme.

Rudisha kila kitu, kisha jaza. Nyumbani wengi huendesha kwa maji matupu, na gari likichemka kwenye mlima Kitonga huongezwa maji safari ikaendelea. Huku maji matupu huganda, hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yanaweza kupasua bloku ya injini usiku mmoja. Mchanganyiko wa nusu kulenti na nusu maji yaliyosafishwa kwa mvuke hauanzi kuganda hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Kuzidisha kulenti si kuzidisha kinga, kwa maana kulenti tupu ya aina hii huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Usichague kwa rangi ya maji, kwa sababu kila mtengenezaji hutia rangi aitakayo. Soma kwenye dumu kama inafaa magari ya Asia na haina silika. Kumbuka pia kwamba bloku hubakiza kulenti ya zamani hata baada ya rejeta kumaliza kushuka, hivyo kama ndani mlikuwa na maji mengi, pima mchanganyiko kwa kipimo chake mara injini itakapokuwa imezunguka.

Hewa iliyobaki ndani ndiyo hupasha injini moto baada ya kazi nzuri. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, fungua hita hadi mwisho wa moto, jaza polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu, kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi. Thermostati, ile vali inayozuia kulenti isipite kwenye rejeta hadi injini ipate moto, hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Utaona kulenti ikishuka ghafla na mpira wa chini ukipata joto. Ongeza, subiri feni izunguke mara mbili, uhakikishe hita inatoa hewa ya moto, ndipo ufunge. Moshi mweupe wenye harufu ya dawa katika dakika za kwanza usikutishe. Injini ikiwa ya moto, sailensi itulie karibu na mizunguko 700. Ikicheza, tafuta mpira unaovuta hewa kwa kushika kipande cha mpira sikioni na kupitisha ncha yake ya pili juu ya kila kiungo, ukiiweka mbali na feni na mikanda; utasikia mluzi. Njia ya kupulizia dawa inayowaka juu ya injini ya moto naikataa.

Asubuhi ya kwanza yenye baridi kali, kabla ya kuwasha, tandika kadibodi chini ya injini na uangalie kimo cha kulenti kwenye chupa ya akiba. Fanya hivyo kwa siku tatu mfululizo, na kimo kikishuka kidogo siku ya kwanza ongeza mchanganyiko uleule. Kikiendelea kushuka na kadibodi ni kavu, angalia kapeti ya abiria wa mbele, kwa kuwa unyevu wenye harufu tamu hapo unaonyesha kwamba kinachovuja ni kiini cha hita kilicho nyuma ya dashibodi.