Somo: would, could na "ningekuwa", kuomba kitu kwa Kiingereza bila kusikika unaamrisha

Wadau habari zenu, leo tushike hili maana linatupiga chenga wengi. Mimi lilinikuta nikiwa mapokezi kwenye hoteli moja Zanzibar, mgeni kafika nikamwambia "Give me your passport", kichwani nilikuwa nasema "naomba pasipoti" kwa heshima zote, yule mama akanuna na sikuelewa kosa liko wapi mpaka meneja akanieleza. Heshima yetu iko kwenye "naomba" na ile e ya mwisho, unisaidie, unipatie. Waingereza hiyo e hawana, wao wanakirudisha kitenzi kwenye umbo la wakati uliopita japo jambo ni la sasa hivi.

Hatua ya 1, kuomba. Badala ya "I want tea" sema "I'd like some tea", badala ya "Give me your passport" sema "Could I see your passport, please?" Hiyo could haihusiani na jana kabisa. Na si kitu kigeni kwetu, dukani si unasema "samahani, nilikuwa nauliza bei" na huku unauliza muda huohuo? Ndo hichohicho.

Hatua ya 2, -ki-. Mvua ikinyesha sitakuja: "If it rains, I won't come". Usiweke will baada ya if, basi.

Hatua ya 3, -nge-, hapa kaa vizuri maana ndo tunapoanguka wengi. Sisi nge inakaa pande zote mbili, NINGEkuwa na hela NINGEnunua shamba, kwahiyo mtu anaandika "If I would have money I would buy a farm" na anaona kanyoosha kabisa. Hapana. Upande wa if kitenzi kinarudi nyuma tu, would inakaa upande wa matokeo peke yake: "If I had money, I would buy a farm".

Hatua ya 4, majuto, yaani -ngali-. "If I had known, I would have come". Mtaani tunasema "ningejua ningekuja jana" na tunaelewana, ila Kiingereza hapo lazima had known, ukisema "If I knew" unaongelea sasa.

MASWALI

Swali: Ticha kwanini "If I were you", si I inaenda na was?
Jibu: Kwenye kitu ambacho si kweli were inatumika kwa wote, mimi siwezi kuwa wewe. Kwenye maongezi utasikia "If I was" sana tu, ila kwenye mtihani au barua andika were.

Swali: Dada, nikikutana na I'd nitajuaje ni would au had?
Jibu: Angalia neno linalofuata. "I'd go" ni would, "I'd gone" ni had. Ila "I'd better" ni had, hiyo ikariri tu.

Swali: Mteja kaniuliza "Would you mind opening the window?" nikajibu yes nikaenda kufungua, akanishangaa.
Jibu: Pole, hiyo inawatega wengi. Amekuuliza kama utaona kero kufungua dirisha, sasa yes yako ni "ndio, naona kero". Jibu "No, not at all" halafu ufungue.