Uhuru wa Mtoto na Haki ya Mwenzake

Mtoto anayepiga ngoma ndani ya nyumba wakati mdogo wake amelala hahitaji kuambiwa "nyamaza" tu, kwa kuwa amri hiyo humfundisha kumwogopa mkubwa badala ya kumfikiria aliyelala. Mpeleke mlangoni amtazame, kisha umuulize kwa sauti ya chini: "Akiamka sasa atajisikiaje, na wewe unaweza kuchezea wapi?" Mwache achague mwenyewe kati ya kwenda nje na kungoja, maana hawezi kuijua mipaka ya uhuru ambao hajawahi kuutumia. Akichagua vibaya, asichapwe wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Asaidie kumbembeleza mdogo wake mpaka alale tena, kwa sababu kazi hiyo imetokana moja kwa moja na alichokifanya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 13, unampa mtoto uhuru wa kujieleza, na papo hapo unaruhusu sheria iuwekee mipaka pale inapolazimu kulinda haki na heshima za wengine. Nasi watu wazima tubishe hodi kabla ya kuingia chumbani mwake, na tumwombe radhi tunapomkosea.