SOMO: SAT au ACT? Namna ya kuchagua mtihani wa kuombea chuo Marekani kabla hujalipa ada

Wakuu, swali hili linaulizwa kila wiki na majibu ni yaleyale. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Jambo la kwanza: vyuo vinavyopokea mitihani hii vinapokea yote miwili kwa uzito uleule. Habari za "SAT ndiyo ya vyuo vikubwa" ziacheni. Unachagua kwa kasi yako ya kusoma, kituo na tarehe, basi.

Hatua ya 1: Vyuo kwanza. Andika orodha yako, fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo, angalia kama alama ni lazima, ni hiari, au hazitazamwi. MIT ilirudisha ulazima mwaka 2022. Harvard, Dartmouth, Brown na Caltech walitangaza hivyohivyo mwaka 2024. Vyuo vya University of California, yaani Berkeley, UCLA na wenzao, havitazami alama hizi kabisa wakati wa kudahili. Kama orodha yako yote ni ya aina hiyo, funga uzi huu ukaandike insha zako.

Hatua ya 2: Kituo na tarehe. Tafuta kituo kwenye tovuti za mitihani yote miwili kabla ya kununua kitabu chochote. Kama ACT ya karibu inahitaji kuvuka mpaka na kulala hotelini, jibu umeshapata.

Hatua ya 3: Ijue mitihani yenyewe. SAT sasa ni ya kidijitali: maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, kisha hesabu 44 kwa dakika 70. Alama ni 400 hadi 1600. Kila sehemu ina awamu mbili, na ulivyofanya awamu ya kwanza ndivyo utakavyopangiwa ya pili, ngumu au nyepesi. Ukipangiwa nyepesi, huwezi kufika alama za juu kabisa. Kwa hiyo usiharakishe mwanzoni ukidhani utafidia mbele.

ACT mpya, iliyoanza mwaka 2025, ina Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, hesabu 45 kwa dakika 50, kusoma 36 kwa dakika 40. Sayansi, maswali 40 kwa dakika 40, sasa ni ya hiari. Alama ya jumla ni 1 hadi 36.

Gawanya uone. Swali la kusoma la SAT lina kama sekunde 71, na kila swali lina kifungu chake kifupi. Kiingereza cha ACT kina sekunde 42 kwa swali. Hesabu ya SAT ni sekunde 95, ya ACT ni 67. Msomaji wa taratibu anayefikiri vizuri, ambao ndio wengi kati ya tuliosoma Kiingereza shuleni tu, kwa kawaida hupumua zaidi kwenye SAT. Anayesoma kurasa ndefu kwa kasi na kuchoshwa na vifungu vidogovidogo, ACT inaweza kumfaa.

Hatua ya 4: Fanya jaribio moja kamili la kila mtihani. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo someni polepole.

Jaribio la SAT lifanyike ndani ya Bluebook, programu ileile inayotumika kufanyia SAT yenyewe, bure, si kwenye PDF. Karatasi haiwezi kukubadilishia awamu ya pili, na haina kikokotoo cha Desmos ambacho mtihani halisi unacho. Ukitumia vitabu vya zamani vyenye vifungu virefu vya maswali kumi, unajipima kwa mtihani ambao haupo tena.

ACT nayo ina mtego wake. Mitandaoni zimejaa karatasi za mfumo wa zamani. Zitambue hivi: Kiingereza maswali 75, hesabu 60 zenye majibu matano. Mpya ina majibu manne kwenye hesabu. Ukijipima kwa ile ya zamani utaona ACT ni mbio kuliko ilivyo, uikimbie bure.

Fanya yote mawili asubuhi, siku tofauti, zikiachana kama wiki moja, simu ikiwa chumba kingine. Usisimamishe saa hata umeme ukikatika. Anza upya siku nyingine kwa jaribio jingine. Usiache swali wazi, maana hakuna mtihani kati ya hii unaokata alama kwa jibu baya. Na weka alama pembeni ya kila swali ulilobahatisha kwa kukosa muda. Ukikosa kwa kutojua, utasoma na kurekebisha. Ukikosa kwa muda, huo ndio mtihani usiokufaa.

Hatua ya 5: Linganisha. SAT 1100 ni karibu na ACT 22. 1200 na 25. 1300 na 28. 1400 na 31. 1500 na 34. Jedwali hilo ni la mwaka 2018, kabla ACT haijabadilika, kwa hiyo tofauti ya pointi moja ya ACT ichukulie kuwa sare. Sare ikitokea, chagua wenye kituo cha karibu.

Hatua ya 6: Jisajili. Jina liwe sawasawa na la pasipoti. Kwa SAT, laptopu au iPad yenye Bluebook ni jukumu lako, na betri ishike saa tatu hadi nne kwa sababu soketi ya umeme si haki yako ukumbini. Siku chache kabla ya mtihani, fungua Bluebook ukamilishe maandalizi upate tiketi ya kuingilia. Usiyaache hadi asubuhi ya mtihani.

Hatua ya 7: Ukishachagua, sahau ule mwingine.

---

mwanafunzi_dsm: Mkuu nimepitia harakaharaka, kwa hiyo upi ni rahisi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

kajuna: SAT naweza kuifanyia kwenye simu?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 6 imetaja vifaa.

PCB_Moro: Shikamoo mkuu. Niko kidato cha tano. Naona tarehe za SAT ni Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Machi, Mei na Juni. Mei ni mtihani wa NECTA, halafu kuna JKT. Nifanye lini?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, na wachache hulifikiria mapema hivi. Fanya ukiwa kidato cha tano au mwanzoni mwa cha sita, Oktoba hadi Desemba, kabla mitihani ya moko haijakubana. Alama hazitachacha. Agosti baada ya kumaliza usiitegemee, ukiwa kambini JKT huna laptopu wala muda wa mazoezi. Desemba ya mwaka huo ibaki akiba, kwa sababu vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Ukitaka maombi ya mapema, yale ya tarehe 1 Novemba, mwisho salama ni Oktoba.

Chebet_Eldoret: Na sisi wa KCSE?

Mwandishi: Kwenu Oktoba na Novemba ndiyo miezi mibaya. Agosti kabla ya KCSE, au Desemba ukishaweka kalamu chini.

mzee_wa_facts: Nilisikia ACT ina sayansi, kwa hiyo mtu wa Arts asiiguse. Umewapotosha watu.

Mwandishi: Nimeandika ni ya hiari. Na hata ukiifanya, ni kusoma grafu, majedwali na wanasayansi wawili wanaopingana. Mtu wa Jiografia anayesoma grafu vizuri anaweza kumpita mtu wa Biolojia aliyekariri.

mwanafunzi_dsm: Kuna msamaha wa ada?

Mwandishi: Ule wa College Board, wenye SAT, ni wa wanafunzi walioko Marekani na raia wa Marekani walioko nje. Waulize EducationUSA, ofisi ya ushauri wa kusoma Marekani, ya nchi yako kama wana mfuko wa kusaidia.

nuru_znz: SAT inachukua nafasi ya TOEFL au IELTS?

Mwandishi: Ni vitu viwili tofauti. Vyuo vingine husamehe mtihani wa Kiingereza kwa aliyesoma sekondari kwa Kiingereza. Angalia kila chuo.

PCB_Moro: Asante sana. Hiyo Desmos sijawahi kuigusa, shuleni tunatumia kikokotoo cha kawaida. Inasaidia kweli?

Mwandishi: Sana. Andika 3x+2y=12 mstari wa kwanza, x−y=−1 wa pili, gusa pale mistari inapokutana: (2,3). Hukugusa kalamu. Wakikuuliza c iwe ngapi ili x²−6x+c=0 iwe na jibu moja, andika y=x²−6x+c, ongeza kitelezi cha c, kisogeze hadi mkunjo uguse tu mhimili wa x. Inafika 9. Fanya mazoezi hayo kila siku dakika kumi.

nuru_znz: Kitelezi kinaruka namba, hakisimami kwenye 9.

Mwandishi: Gusa namba za mwisho wa kitelezi, weka hatua iwe 1.