Nyonga Kwanza, Mikono Baadaye: Kusimama katika Taijiquan ya Chen

Wanafunzi wapya huniuliza tutaanza lini kuchezesha mikono. Mikono itasubiri. Nafundisha taijiquan (tai chi), sanaa ya mapigano ya Kichina, kwa mtindo wa Chen, uliotoka kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, China, kijiji ambacho Yang Luchan alijifunzia katika karne ya 19 kabla ya kuanzisha mtindo wa Yang. Ukipenda mtindo wowote kati ya hiyo miwili, kazi ya kwanza ni moja: kusimama.

Achanisha miguu kwa upana wa mabega, vidole vielekee mbele. Sikiliza nyayo. Uzito usilalie visiginoni wala usikimbilie vidoleni. Unyayo mzima ukae chini, hata ukingo wa nje.

Sasa weka ncha za vidole vya mikono kwenye mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Shuka kidogo, kama unayetaka kuketi kwenye stuli ndefu. Vidole vikizama ndani ya mkunjo, umepatia. Pakibaki pagumu, umekunja magoti tu na nyonga hazijafanya kitu. Sehemu hii Wachina huiita kua, na kwa maoni yangu asiyeihisi bado hajaanza taijiquan, hata awe anajua mfuatano mzima wa miondoko. Rudia polepole, panda na shuka, mpaka ujue tofauti hata ukiondoa vidole.

Usibane matako ili kunyoosha mgongo. Ukibana, nyonga zinafunga na kiuno kinakakamaa. Acha kifandugu kielekee chini chenyewe, huku utosi ukipanda na kidevu kikirudi ndani kidogo.

Kifua usikitunishe wala usikibonyeze. Mabega yashuke, viwiko vielekee chini, makwapa yabaki wazi kidogo. Pumua kwa pua, tumbo likiwa huru.

Inua mikono usawa wa kifua, viganja vikikutazama, ukae hivyo dakika tano. Hii ndiyo zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Mapaja yatawaka moto na pengine kutetemeka, ni kawaida. Maumivu ndani ya goti si kawaida: inuka juu, angalia upya mkunjo wa kinena, usivumilie kwa ushujaa.

Kisha tembeza uzito. Panua miguu zaidi, hamia mguu wa kulia, halafu geuza kiuno kulia. Mkunjo wa kinena cha kulia uingie ndani zaidi. Tazama magoti yote mawili: kila moja libaki likifuata uelekeo wa vidole vya mguu wake. La kushoto hasa hupenda kuangukia ndani, na hapo ndipo watu wengi wanapojiumiza. Goti kazi yake ni kukunja na kukunjua. Kuzunguka ukiwa umebeba uzito ni kazi ya nyonga. Nina mwanafunzi, mama mmoja mstaafu, ambaye namwomba afanye zoezi hili mbele ya kioo akiwa na suruali iliyokunjwa juu ya magoti, na huliona kosa kabla sijafungua mdomo.

Kiuno kikigeuka bila magoti kuyumba, ndipo uongeze mkono mmoja. Usiupeleke. Uache ubebwe na kiuno, na ukiona bega linapanda, punguza duara.