Geji za shotigani: soma mtutu kabla hujanunua risasi

Fungua bunduki, toa risasi zote, chungulia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), kisha ipapase kwa kidole. Tutakuwa tunaigeuzageuza mikononi, kwa hiyo iwe tupu kweli.

Hatua ya 1: Tafuta geji, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Imegongwa kwenye mtutu, karibu na chemba. Kwa bunduki ya mitutu miwili, alama mara nyingi zimefichwa na mbao ya mbele, ivue. Nambari ikipanda, tundu linapungua: geji 12 ni milimita 18.5, geji 20 ni 15.6. Hesabu hiyo ni ya kale: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa goroli 12 sawa, goroli moja ina upana wa mtutu wa geji 12. Ile ya .410 haimo katika hesabu hii. Hicho ni kipenyo chenyewe kwa inchi.

Hatua ya 2: Soma urefu wa chemba. Utaona 12-70 au 12/76 (geji, kisha urefu wa chemba kwa milimita), au kwa inchi 2¾ na 3. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Risasi ya 76 ambayo bado imekunjwa mdomo inaweza kuingia kwenye chemba ya 70, na bunduki ikafunga bila shida. Ukifyatua, mdomo wa ganda unakosa pa kufungukia, njia inabana na shinikizo linapanda kupita kiasi. Kwa hiyo usiniambie “mbona imeingia”. Kinyume chake, risasi ya 70 kwenye chemba ya 76, haina neno.

Bunduki za Kiingereza za kurithi kwa babu nyingi zina chemba ya 65, na risasi za 70 zinazouzwa leo hazizifai. Ukikuta mtutu una mistari ya chuma kilichosokotwa, au hauna alama yoyote, mpelekee fundi mwenye kibali kwanza.

Hatua ya 3: Tenganisha geji 20 na 12. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza, inapita chemba na kukwama mbele, usiione. Unadhani hukujaza, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka mbele ya mkono wako. Ndiyo maana viwanda vingi huyapa maganda ya geji 20 rangi ya njano. Usiitegemee rangi peke yake. Kung’uta mifuko ya koti kila unapobadilisha bunduki.

Hatua ya 4: Chagua marisau, vile vigoroli vidogo vilivyo ndani ya risasi. Nambari ikipanda, marisau ni madogo zaidi. Nambari zinatofautiana kwa nchi: 6 ya Marekani ni kama milimita 2.8, ya Uingereza 2.6. Soma milimita kwenye boksi. Njiwa, 7½ au 8 ya Marekani. Kwale, 6 au 7½. Kanga ana manyoya magumu na mwili mzito, mpe 4 au 5. Kwa geji 12, gramu 32 zinatosha. Zile nzito za 76 hupiga teke mpaka ukaanza kufumba macho, na mimi sioni faida yake kwa kwale.

Marisau ya chuma ni mepesi kuliko ya madini ya risasi, hivyo chukua makubwa zaidi kwa saizi mbili, yaani shuka nambari mbili. Usiyatumie kwenye mtutu wa zamani wala wenye mdomo uliobanwa sana.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye karatasi. Nunua boksi moja tu, leseni mkononi. Tundika karatasi ya zaidi ya mita moja mbele ya kingo ya udongo, rudi mita 36, piga mara moja. Chora duara la sentimita 75 pale marisau yalipojaa. Ukiona pengo ambalo kwale mzima angepenya, jaribu risasi ya aina nyingine kabla hujanunua zaidi. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kupiga: elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, subiri nusu dakika, toa risasi, kisha chungulia mtutu kuanzia upande wa chemba.