Mambo ya kuzingatia kabla ya tamasha la kwaya, kwa sisi wa Kigoma

Kabla hamjachagua hata wimbo mmoja, tafuteni kalenda inayoonyesha mwezi unapopevuka. Kwaya nyingi za mjini hapa ni za watu wa kujitolea: walimu, wauguzi, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Kwaya zilizo karibu na mialo ya Kibirizi au Katonga huwa na wavuvi wa dagaa pia, na mara nyingi hao ndio sauti ya tatu na ya nne, yaani sauti za wanaume. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka juu ya Ziwa Tanganyika zima. Siku za mwezi mpevu wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, na besi wenu wote wako mazoezini. Tamasha liangukie siku hizo, na mazoezi mazito ya mwezi unaotangulia yaangukie siku kama hizo. Mwalimu wa kwaya anayepanga tarehe kwa kutazama Jumapili iliyo wazi tu anaweza kujikuta na sauti ya kwanza ishirini na besi wawili, kisha aanze kuhubiri juu ya uvivu wakati wenzake wako kazini.

Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Septemba, na sababu yangu ni bati. Kumbi zetu nyingi hazina dari. Mvua ya Machi ikishuka, hakuna kwaya itakayosikika hata ikiwa na maiki kumi. Ila kiangazi nacho kina hesabu yake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho mahudhurio yanapanda na michango inashuka. Msimshonee mtu sare ya deni wakati ziwa limefungwa. Shati jeupe na sketi au suruali nyeusi zinatosha, na kamati ya sare wakinuna waacheni wanune.

Saa nayo ipangwe kwa jua la huku. Kigoma jua huzama karibu na saa moja jioni, kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo tamasha la saa kumi lina mwanga wa kutosha bila taa. Tatizo ni kwamba kuanzia saa kumi na moja na nusu jua linaingia kwa madirisha ya upande wa ziwa. Kwaya ikisimama ikitazama magharibi, mwalimu atakuwa kivuli cheusi mbele yao na mkono wake hautaonekana. Nendeni ukumbini saa hiyohiyo, siku kadhaa kabla, muone jua linapopiga. Na kama ukumbi uko Ujiji, au popote jirani na msikiti, adhana ya magharibi itaingia jua linapozama. Wekeni mapumziko hapo, wageni wanyooshe miguu. Mwezi wa Ramadhani sahauni kabisa jioni, nusu ya majirani zenu watakuwa wanawahi futari.

Kuhusu nyimbo nitasema kidogo, maana kila mwalimu ana yake. Kwaya inayokutana mara mbili kwa wiki isibebe nyimbo mpya zaidi ya nne au tano; nyingine ziwe zile ambazo watu wanazijua hata wakiamshwa usiku. Wiki mbili za mwisho mlango wa nyimbo mpya ufungwe, na atatokea mjumbe wa kamati na wimbo aliousikia kwenye simu jana. Mshukuruni, mwambieni mwakani. Kurekodi kila sauti peke yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kunasaidia sana walio mbali, kwa sharti moja: anayerekodi awe ameshasikilizwa na mwalimu huku nota ziko mbele. Kosa likishatumwa kwa watu arobaini wakalisikiliza wiki nzima wakiosha vyombo, halitoki tena.

Kisha daftari la mahudhurio. Aliyekosa mazoezi matatu ya mwisho asipande jukwaani, na sheria hiyo imhusu kwanza yule mwenye sauti nzuri kuliko wote. Itangazwe mapema, siku ya kuanza, ili isionekane imetungwa kwa ajili ya mtu.

Jambo ambalo kwaya zetu karibu zote haziligusi mazoezini ni dakika zilizo kati ya wimbo na wimbo. Nyimbo zinafanyiwa kazi miezi mitatu, halafu siku ya tamasha watu hawajui nani anaingia kwanza, mrefu yupi yuko mbele ya mfupi yupi, nani anatoa do, nani anasogeza ngoma. Hadhira inakaa inatazama watu wakikanyagana. Kwa hiyo angalau mazoezi mawili yawe ya tamasha zima, tangu kuingia hadi kutoka, bila kusimamisha wimbo hata ukiharibika. Mmoja akae na saa aandike muda wa kila kitu. Mtagundua ratiba mliyodhani ni saa moja na nusu ni karibu saa tatu, kwa sababu ya mshereheshaji, mgeni rasmi, na risala. Mshereheshaji aje kwenye mazoezi hayo. Anayefika siku yenyewe hajui kwamba baada ya wimbo wa nne waimbaji wanahitaji dakika tatu za kupumua, na hajui pia kwamba kati ya wa tano na wa sita asiseme neno kwa sababu zinaungana.

Na kuna kutunza. Mama mmoja akinyanyuka na noti ya elfu mbili, wengine kumi watamfuata, vigelegele juu, na mwimbaji wa pekee anabandikwa pesa usoni akiwa katikati ya ubeti. Katika wimbo wenye ngoma hiyo ni raha tupu. Katika wimbo usio na kinanda, wenye sauti nne za kunong'ona, kwaya inapotea. Msikataze, mtaonekana mna maringo. Wekeni kikapu mbele ya jukwaa, mshereheshaji aseme mapema nyimbo zipi ni za kutunza, na mazoezini watumeni vijana wapite mbele ya waimbaji wakishangilia ili wazoee kutoondoa macho kwa mwalimu.

Wimbo usio na kinanda huelekea kushuka. Mnaanza juu, mnamaliza nusu hatua chini au zaidi, na besi wanaanza kuchimba visima. Kila mazoezi, wimbo ukiisha, mpiga kinanda agonge nota ya mwisho inayotakiwa ili wote wasikie walipoangukia. Mara nyingi mshuko unaanzia kwenye nota za mi na ti zinazoimbwa kivivu, na watu wakiwa wamekaa. Wasimame, hata mazoezi ya jioni baada ya kazi, angalau nusu ya pili.

Kinanda chenyewe kina mtego ambao umeaibisha wengi. Wapigaji wetu wengi wanapiga kila kitu kwenye ufunguo mmoja waliouzoea, kisha wanabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo. Umeme ukikatika na kurudi, vinanda vingi hurudi kama vilivyotoka kiwandani. Mpigaji anabonyeza vidole vilevile, sauti inatoka nyingine, na kwaya inaingia mahali ambapo sauti ya kwanza hawafiki. Aandike kwenye karatasi namba ya kitufe hicho kwa kila wimbo na kuibandika juu ya kinanda. Jenereta iwashwe na kujaribiwa siku moja kabla, mafuta yakiwemo, na ikae mbali na madirisha. Chagueni pia nyimbo tatu ambazo mnaweza kuziimba gizani bila chochote. Umeme ukienda, anzeni mara moja, msisubiri fundi.

Kama tamasha ni la nje chini ya turubai, msitandaze watu kwenye mstari mmoja mrefu kwa ajili ya picha. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Safu ya mita 17 ina maana aliye mwisho huu anamsikia wa mwisho ule akiwa amechelewa sehemu ya ishirini ya sekunde, na kila mtu akimfuata anayemsikia, wimbo unaburuta. Simameni kwa safu tatu zilizopinda kama mwezi mchanga, spika mbili ziwatazame wageni, na moja ndogo iwarudie waimbaji.

Mkialika kwaya ya Tabora, njia ya reli ni kama kilomita 400, na treni ina siku zake. Waje siku moja kabla, na wasiwekwe mwanzoni mwa ratiba. Malazi na chakula vipangwe kwa majina, nyumba kwa nyumba.

Koo: tangawizi na mayai mabichi havipiti kwenye nyuzi za sauti, vinapita kwenye umio. Kinacholainisha nyuzi ni maji yaliyoshaingia mwilini, kwa hiyo maji yaanze kunywewa tangu jana yake. Aliyekaukiwa na sauti anyamaze kabisa, kunong'ona hakumsaidii.

Vibali msiviache hadi wiki ya mwisho. Ombeni ruhusa kwa watunzi wa nyimbo mtakazoimba, wengi wako hai na wanapatikana kwa simu, kisha, kama mnatoza kiingilio, waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inahusu pia kuimba mbele ya watu. Afisa utamaduni wa manispaa atawaeleza mengine. Fedha za mlangoni na za kikapu zihesabiwe na watu wawili wasio wa familia moja, usiku huohuo, na jumla isomwe mbele ya kwaya kabla chai haijaisha.